MAISHA YA AL-KHWARIZMI, MWANACHUONI AMBAYE JINA LAKE LIMO NDANI YA KOMPYUTA



 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika kurasa za namna hii tumezoea kusoma maisha ya masahaba na maimamu. Safari hii tunamleta mtu ambaye hakuwa imamu wa madhehebu wala mpokezi wa hadithi. Alikuwa mtu wa hesabu, nyota na ramani, naye ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo siku hizi linaulizwa hata na watoto walio kwenye Juzuu Amma. Hizi kompyuta zenye akili mnemba, zinazojibu swali lolote kwenye simu na hata kutunga insha, je, zinaweza kufika mahali zikampita binadamu akili na kumdhuru? Swali hili ni zito, na wengi hulijibu haraka, ama kwa kucheka ama kwa kuogopa. Sisi tumeona tuanzie kwa mtu huyu, kwani kila kompyuta iliyopo duniani inaendeshwa kwa utaratibu ambao watu wa Ulaya waliupa jina lake.

Al-Khwarizmi alizaliwa kiasi cha mwaka 780 Miladia, karibu na mwaka 164 Hijria. Nisba yake inatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Mwanahistoria At-Tabari anamuongezea nisba nyingine, ya Qutrubbul, kitongoji kilichokuwa karibu na Baghdad, na kwa hiyo wapo wanaosema kwamba wazee wake ndio waliotoka Khwarizm na yeye mwenyewe ni mtoto wa Iraq. Habari za utoto wake ni chache sana. Tunayemjua vizuri ni mtu mzima, akiwa Baghdad, mbele ya vitabu.

Na Baghdad ya wakati huo ilikuwa mji mpya. Khalifa Al-Mansur aliuanzisha mwaka 762, na kabla ya miaka mia kutimia ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kuliko yote duniani. Karatasi zilikuwa zinatengenezwa mjini humo humo, jambo lililofanya vitabu viwe rahisi kuliko zamani. Mwaka 813 ukhalifa ulishikwa na Al-Ma'mun, mtoto wa Harun Ar-Rashid, baada ya vita vikali na ndugu yake Al-Amin. Al-Ma'mun alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu, na chini yake Baytul Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, ilikusanya wanavyuoni wa kila namna. Vitabu vya Wayunani, vya Wafursi na vya Wahindi vilifasiriwa kwa Kiarabu. Al-Khwarizmi alifanya kazi hapo.

Katika mji huo huo walikuwapo ndugu watatu wajulikanao kama Banu Musa, ambao waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu. Kimoja kati ya vyombo walivyovieleza ni cha kupiga filimbi chenyewe kwa nguvu ya maji, bila mtu kukigusa. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba fikra ya mashine inayojiendesha ilizuka juzi huko Marekani. Waislamu wa Baghdad waliijua tangu karne ya tatu Hijria, wala hawakuona kwamba kuitengeneza ni kushindana na Muumba.

Kazi kubwa ya Al-Khwarizmi ni kitabu alichokiandika kiasi cha mwaka 820, kinachohusu hesabu za al-jabr na al-muqabala. Neno hilo al-jabr ndilo lililozaa aljebra mnayofundishwa sekondari. Maana yake ni kurudishia au kuunga kilichovunjika, na mtu anayeunga mifupa hufanya jabr pia. Huko Hispania kwa muda mrefu waunga mifupa waliitwa kwa jina linalotokana na neno hilo hilo, kwa hiyo mtu aliyevunjika mguu alikwenda kwa mtu wa aljebra.

Alikiandika kwa ajili ya nini? Mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba alitaka kuwarahisishia watu mambo wanayoyahitaji kila siku, yaani mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni masuala ya wasia na mirathi. Wanafunzi wa faraidh wanajua kwa nini. Mafungu ya warithi yametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, lakini maiti akiwa na warithi wengi, juu yake kukawa na wasia, basi kugawa kwa haki kunahitaji mtu anayejua kuchezea sehemu za namba.

Tutazame suala moja katika aliyoyafanya. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na watoto watatu wa kike, na ameusia kwamba mtu baki apewe sehemu moja ya nane na sehemu moja ya saba ya mali yake. Ukijumlisha sehemu hizo unapata 15 kwa 56, ambayo haifiki theluthi, kwa hiyo wasia unapita. Mali yote inafanywa mafungu 1120. Mwenye wasia anachukua 300. Yanabaki 820, mume anachukua robo yake ambayo ni 205. Yanabaki 615, mtoto wa kiume anapata 246 na kila mtoto wa kike 123. Jumlisheni mtaona kwamba halikubaki hata fungu moja lisilo na mwenyewe.

Uzuri wa mtu huyu ni kwamba hakuishia kwenye jibu. Aligawa milinganyo katika aina sita, na kila aina aliipa utaratibu wa hatua kwa hatua, kwa maneno matupu, kwani alama za x na y zilikuwa bado hazijazuliwa. Namba isiyojulikana aliiita jidhri, yaani mzizi, na kipeo chake cha pili alikiita mali, neno lile lile tunalolitumia sisi. Suala lake mashuhuri ni hili: mali moja na mizizi kumi ni sawa na dirhamu 39, mzizi ni ngapi? Utaratibu ni kuchukua nusu ya kumi, ambayo ni 5. Izidishe kwa yenyewe, upate 25. Ongeza 39, upate 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Hakikisheni: 3 mara 3 ni 9, na mizizi kumi ni 30, jumla 39.

Mtoto anaweza kufuata hatua hizo bila kujua hata moja kwa nini imewekwa. Al-Khwarizmi alilijua hilo, na ndiyo maana baada ya hatua alileta ushahidi. Alichora mraba ambao upande wake ndio namba inayotafutwa. Ubavuni mwake akaweka mistatili miwili, kila mmoja upana wake 5. Umbo hilo lote ni 39, lakini lina pengo kwenye kona, nalo ni mraba wa 5 kwa 5. Ukilijaza pengo kwa 25 unapata mraba kamili wa 64, wenye upande wa 8, na ukiondoa 5 uliyoiongeza unabaki na 3. Mwenye macho anaona mwenyewe kwamba jibu ni kweli. Hapo hamuamini Al-Khwarizmi kwa kuwa ni mkubwa, anamuamini kwa kuwa ameonyeshwa.

Tuweke jambo hili moyoni, tutalirudia.

Kitabu chake cha pili kilieleza namba za Wahindi, zile tarakimu tisa na duara dogo la sifuri, ambazo kwazo namba yoyote inaandikwa. Hakujidai kwamba ni zake, alizinasibisha na wenyewe. Kitabu hicho kwa Kiarabu kimepotea. Kilichobaki ni tafsiri za Kilatini zilizofanywa Ulaya katika karne ya 12, na Walatini waliposhindwa kulitamka jina lake walilifanya Algoritmi. Kidogo kidogo jina la mtu likawa jina la kazi. Kila utaratibu wa hatua zilizopangwa, ambao ukiufuata unafika kwenye jibu, ukaitwa algoritimu. Kompyuta haina kazi nyingine isipokuwa kufuata algoritimu kwa kasi kubwa mno.

Aliandika pia kitabu cha jiografia mwaka 833, chenye vipimo vya miji, milima na mito zaidi ya 2,400, akisahihisha kazi ya Myunani Ptolemy, na majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Hayo tunayapita kwa haraka, si kwa udogo wake.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Hofu ya mashine si ngeni nchini kwetu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya kazi ya kuweka mahesabu ya Hazina kwenye mashine kuharibika na kutia hasara. Katazo hilo lililegezwa taratibu katika miaka iliyofuata, na leo mtoto wa Bariadi ana mfukoni kompyuta yenye uwezo mkubwa kuliko ile ya Hazina. Katika kuhesabu binadamu alikwisha kupitwa zamani. Mwaka 1997 mashine ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2016 nyingine ilimshinda Lee Sedol wa Korea katika mchezo wa Go, ambao ulidhaniwa kuwa ni wa akili ya mtu tu. Kwa hiyo anayesema kwamba mashine haiwezi kumpita mtu katika kazi ya akili amechelewa, kwani imeshampita katika baadhi ya kazi, na kila mwaka zinaongezeka.

Lakini mashine hizi mpya haziendi kama Al-Khwarizmi alivyokwenda. Hakuna mtu aliyekaa akaziandikia hatua za kujibu swali lako. Zimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, kisha namba zilizomo ndani yake, mabilioni kwa mabilioni, zikarekebishwa kidogo kidogo mpaka zikaweza kubashiri neno gani linafuata neno gani. Jibu linatoka zuri, mara nyingi ni sahihi, lakini hata waliozitengeneza hawawezi kufungua na kusoma ndani yake sababu ya kila jibu. Hatua zipo, ila hazisomeki. Mraba wa ushahidi haupo. Na zinapokosea, hukosea kwa sauti ile ile ya mtu mwenye yakini.

Hapa ndipo wataalamu wenyewe wanapohitilafiana. Geoffrey Hinton, mmoja wa wazee wa elimu hii, aliacha kazi Google mwezi Mei 2023 ili aweze kusema waziwazi kwamba anaogopa mashine hizi zitakuwa na akili kuliko sisi na zitatutoka mikononi. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwenzake Yann LeCun, ambaye naye ni miongoni mwa waasisi, anaona hofu hiyo imepita kiasi. Ikiwa hawa wamehitilafiana, haitupasi sisi kuapa kwa upande wowote. Lakini tunaona kwamba Hinton hakuzungumza upuuzi. Kukabidhi mambo ya watu, kama vita, mahakama na matibabu, kwa kitu kisichoweza kukuonyesha ushahidi wake ni hatari, kiwe na akili kuliko sisi au kisiwe nayo.

Wala tusidhani kwamba madhara ni ya kesho tu. Mwezi Januari 2023 jarida la Time lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi machafu kupindukia na kuyawekea alama, kusudi mashine ya ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Baadhi yao kazi hiyo iliwaachia maumivu ya moyo. Mashine inayosifiwa kwa akili nyuma yake wamo watu, na wengine ni jirani zetu.

Tuje nyumbani sasa, kwenye jambo lile lile la Al-Khwarizmi. Tuseme mzee amefariki hapa kwetu, wazazi wake walishatangulia, na ameacha mke, watoto watatu wa kiume, mtoto mmoja wa kike na ng'ombe 24. Mke anapata thumni, ng'ombe 3. Wanabaki 21, na kila mtoto wa kiume anapata 6 na wa kike 3. Iulizeni simu, na ikiwa nzima itawajibu hivyo hivyo.

Lakini fikirini kwamba anayeandika swali ni kaka mkubwa, naye, kwa mazoea mabaya tunayoyaona mahali pengi, hakumtaja dada yake kwa kuwa ameolewa mbali. Mashine itatoa 3 za mke, itagawa 21 kwa watatu, na itasema kila mmoja ana ng'ombe 7. Hesabu itakuwa safi kabisa, haina kosa hata moja, na dada atakuwa amedhulumiwa ng'ombe 3. Kisha kaka atawaonyesha wazee simu na kusema kompyuta ndiyo iliyogawa. Nani atabishana na kompyuta? Vivyo hivyo huenda isiulize kama mzee aliacha deni la pembejeo za pamba, ambalo hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata kitu. Haijui kwamba wawili kati ya ng'ombe hao ni wa jirani, walikuja kulishwa tu. Haijui kama mjane ni mjamzito. Kadhi au shekhe anayejua kazi yake huanza kwa kuyauliza hayo, tena mbele ya mashahidi, na mgawo ukienda vibaya anajulikana jina lake na nyumba yake, na Siku ya Kiyama ataulizwa. Simu haitaulizwa kitu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, dhuluma hiyo haihitaji mashine iwe na uadui. Mtu anajificha nyuma yake, na wenziwe hawadai kuonyeshwa hatua, basi inatosha.

Yako masimulizi ya mwisho kuhusu Al-Khwarizmi ambayo At-Tabari ameyapokea katika tarekhe yake. Mwaka 232 Hijria, yaani 847 Miladia, Khalifa Al-Wathiq alishikwa na maradhi ya kujaa maji mwilini. Wakaitwa wajuzi wa nyota waangalie mwisho wake, na jina la Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi limetajwa kati yao. Walikuwa na majedwali mazuri kuliko yote yaliyokuwapo duniani. Wakatazama saa aliyozaliwa Khalifa, wakapiga hesabu, wakamwambia kwamba tangu siku ile ataishi miaka 50 mingine. Hakumaliza siku kumi akafariki.

Wapo watafiti wanaosema kwamba jina limechanganywa na la mtu mwingine, na yawezekana. Ikiwa ni yeye, basi kuzidisha na kugawanya kwao kulikuwa sawasawa. Kilichokosekana ni kwamba ajali ya mja haimo kwenye jedwali la nyota, ni katika ghaibu, na hesabu iliyo sahihi ikipelekwa mahali pasipo pake inatoa uongo ulionyooka. Akili mnemba nayo inabashiri mambo kutokana na yaliyokwisha kupita, na watu wameshaanza kuiuliza habari za umri wao na riziki zao.

Al-Khwarizmi mwenyewe alifariki kiasi cha mwaka 850, karibu na mwaka 236 Hijria. Kitabu chake cha al-jabr kilifasiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145 huko Segovia, Hispania. Nakala ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono mwaka 743 Hijria imehifadhiwa Oxford, Uingereza, na miraba yake ya ushahidi imo ndani.

Wanafunzi wa darasa la mirathi wafanye suala hili. Mama amefariki, ameacha mbuzi 80. Anadaiwa deni lenye thamani ya mbuzi 8, na ameusia theluthi ya kitakachobaki baada ya deni ipewe yatima asiye mrithi wake. Ameacha mume, mama yake mzazi, watoto watatu wa kiume na mtoto mmoja wa kike. Kila mmoja anapata mbuzi wangapi? Anayetaka kuiuliza simu aiulize, lakini majibu yaletwe kwa ustadhi yakiwa yameandikwa kwa mkono, pamoja na hatua zake zote na sababu ya kila hatua.